Daftari Limejaa, Habari Iko Wapi?

Ndugu wenyeji wetu, ndugu wafanyabiashara, wahasibu, makarani wa stoo, nanyi vijana mnaosomea takwimu na kompyuta: nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa kuja kusikiliza jambo ambalo wengi huliona ni la watu wa kompyuta peke yao.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo inamsema mfanyabiashara asiyeandika. Leo daftari lipo, tena si moja. Mashine ya risiti inaandika, mfumo wa malipo unaandika, simu inaandika, tovuti inaandika kila mahali mteja alipobofya. Na bado mwisho wa mwezi mwenye mali hajui ni bidhaa ipi inayomlisha na ni ipi inayomla mtaji. Mali inapotea huku daftari likiwa wazi mezani.

Ninalotaka kulisema leo ni hili. Data ghafi haigeuki kuwa taarifa kwa sababu imepitishwa kwenye programu. Inageuka inapokutana na uamuzi ambao mtu analazimika kuufanya. Na ubora wa taarifa hiyo huwa umeshaamuliwa mapema sana, pale mtu mmoja alipoandika namba ya kwanza. Kati ya namba hiyo na uamuzi huo kuna kazi nyingi, nami nitaigusa, lakini nimeona biashara nyingi zikimwaga fedha zote hapo katikati na kuziacha ncha mbili zikiwa yatima.

Nianze na ncha ya uamuzi. Mwaka 1951 kampuni ya J. Lyons ya Uingereza, iliyokuwa na viwanda vya kuoka na migahawa mingi ya chai, iliwasha kompyuta iliyoijenga yenyewe na kuiita LEO. Novemba ya mwaka huo kompyuta hiyo ilianza kupiga kila wiki hesabu za thamani ya bidhaa zilizotoka kwenye viwanda vya kuoka, na historia inaitaja kazi hiyo kuwa miongoni mwa kazi za kwanza za kawaida za ofisi kufanywa na kompyuta. Jiulizeni kwa nini walitangulia wao, watu wa chai na mikate, na si kiwanda cha mitambo. Lyons walikuwa na ofisi maalumu, miaka mingi kabla ya kompyuta, iliyokuwa ikichunguza kazi za ukarani: karatasi hii inajazwa na nani, inakwenda wapi, na anayeipokea anafanya nini nayo. Mashine ilipokuja, maswali yalikuwa tayari yanaisubiri.

Miaka michache baadaye LEO ilipewa kazi ya maagizo ya migahawa. Kila mgahawa ulikuwa na oda yake ya kudumu. Msimamizi hakutakiwa kujaza upya orodha nzima kila siku. Alizungumza na ofisi kwa simu kwa saa iliyopangwa, akataja mabadiliko tu, na aliyekuwa upande wa pili wa simu akayatoboa papo hapo kwenye kadi, ambazo kompyuta iliyasoma matundu yake. Napenda sana mfano huu. Waliuliza kwanza ni kipi kinachobadilisha mzigo wa kesho, wakaomba hicho tu. Msimamizi mwenye kazi nyingi hakuongezewa mzigo, na kwa kuwa alitaja machache, alikuwa na nafasi ya kuyataja kwa usahihi.

Sasa tuje kwetu. Mkimuuliza meneja anataka data ya nini, mara nyingi atasema, “Tunataka kujua mauzo.” Hilo bado si swali, kwa sababu halina uamuzi ndani yake. Swali ni kama hili: je, niagize tena bidhaa hii, na kiasi gani? Ili kulijibu unahitaji mambo manne: kilichobaki stoo, kinachouzwa kwa siku, siku anazochukua msambazaji kuleta mzigo, na siku ambazo bidhaa haikuwepo kabisa. La nne husahaulika mara nyingi mno, nami naomba tukae nalo kidogo.

Tuseme bidhaa fulani iliuzwa vipande 60 mwezi uliopita. Ripoti inagawa 60 kwa siku 30 na kusema mahitaji ni vipande 2 kwa siku. Lakini bidhaa yenyewe iliisha jioni ya tarehe 12. Vipande vyote 60 vilitoka ndani ya siku 12, yaani 5 kwa siku. Siku 18 zilizobaki hazikuwa na mauzo kwa sababu hapakuwa na cha kuuza, na wateja waliorudi mikono mitupu hawakuandikwa popote. Mwezi unaofuata mwagizaji, akiiamini ripoti, analeta 60 tena. Zinaisha tena tarehe 12. Ripoti inatoka tena na kusema 2 kwa siku. Kosa linajithibitisha lenyewe mwezi baada ya mwezi, na kila anayelitazama anaona namba zinakubaliana. Kilichokosekana ni safu moja tu kwenye jedwali: tarehe bidhaa ilipokwisha. Hakuna programu, hata iwe ya bei gani, itakayoibuni safu ambayo hakuna aliyeijaza.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye ncha ya pili, ile ya mwandishi wa namba. Mtazameni karani aliyesimama mbele ya foleni ya wateja, akiwa na fomu yenye nafasi kumi na nne za kujaza, na mfumo usiokubali kuendelea mpaka zote zijazwe. Atafanya nini? Atachagua jibu la kwanza kwenye orodha. Ndiyo maana katika kumbukumbu nyingi za wateja unakuta kundi kubwa ajabu la watu waliozaliwa Januari 1. Ndiyo maana sababu inayoongoza ya wateja kurudisha bidhaa ni “nyinginezo”. Karani huyo si mvivu. Amefanya uamuzi wa busara kwa mtu ambaye hakuna aliyemwambia namba hizo zinakwenda kufanya nini.

Mwambieni. Mkitaka data safi, mwonyesheni karani ripoti inayotokana na kazi yake, na uamuzi uliofanywa kwa ripoti hiyo. Mtu akishaona kwamba tarehe aliyoiandika ndiyo iliyoleta mzigo kwa wakati, ataiandika vizuri kesho bila kuongezewa msimamizi. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu huonekana dogo, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko mitambo yote mnayotangaziwa.

Kuna mambo mengine ya kukubaliana hapo mwanzoni, na ni bora yakaandikwa kwenye ukurasa mmoja unaojulikana na wote. Nafasi tupu si sawa na sifuri: sifuri inasema tumehesabu tukakuta hakuna, utupu unasema hatujahesabu. Tarehe ziandikwe kwa mpangilio mmoja, maana 03/04 kwa mmoja ni tarehe 3 Aprili na kwa mwingine ni tarehe 4 Machi. Mteja awe na namba yake moja, ili asiwe watu watatu kwa sababu jina lake limeandikwa kwa namna tatu. Na kipimo kiandikwe pamoja na namba. Mwaka 1999 shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kilipofika kwenye sayari ya Mirihi, kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza na ya upande wa pili ikazisoma kama vipimo vya metriki. Hesabu zilikuwa sahihi pande zote mbili. Stoo inayopokea kwa katoni na kutoa kwa kipande ina hatari hiyohiyo, ila yenyewe haingii kwenye magazeti.

Baada ya kuandika kuna kusafisha, na hapa nitakwenda haraka. Kuna kanuni moja ambayo ningeomba hakuna mwenye biashara aivunje: nakala ya awali isiguswe. Marekebisho yafanyike kwenye nakala nyingine, na kila rekebisho liwe na maelezo. Kisha hesabu mistari iliyoingia na iliyotoka. Kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2020, huko Uingereza, watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na virusi vya korona hawakuingizwa kwenye takwimu za kila siku, kwa kuwa data zilipitishwa kwenye faili la jedwali la aina ya zamani, ambalo haliwezi kubeba mistari zaidi ya 65,536. Iliyozidi ilikatika kimyakimya. Kulinganisha idadi ya mistari kabla na baada ni kazi ya dakika moja, nayo ingelionyesha pengo hilo siku ya kwanza.

Wahasibu mlioko hapa jambo hili mnalijua kuliko sisi sote. Mwaka 1494, mjini Venice, Luca Pacioli alichapisha maelezo ya namna wafanyabiashara wa huko walivyotunza hesabu kwa kuandika kila muamala mara mbili, upande wa kudai na upande wa kudaiwa. Uzuri wa mfumo huo ni kwamba ukaguzi uko ndani ya uandishi wenyewe: pande mbili zisipolingana, unajua kuna kosa kabla hujajua liko wapi. Watu wa data wa leo wangefaidika sana kukaa na wahasibu wazee na kujifunza tabia hiyo.

Sasa namba ni safi. Tunazifupisha, kwa sababu hakuna meneja anayeweza kusoma mistari laki moja. Na kufupisha ni kuamua kipi kitupwe. Wastani ndio ufupisho tunaoupenda, nao hudanganya kwa urahisi. Wateja tisa wakinunua kwa 1,000 kila mmoja na wa kumi akanunua kwa 91,000, wastani ni 10,000, na hakuna hata mmoja kati ya kumi hao anayenunua kwa 10,000. Ukipanga huduma yako kwa ajili ya mteja wa 10,000, umempangia mtu asiyekuwepo. Wapange wateja kutoka mdogo hadi mkubwa, utazame wa katikati, na yule wa kumi umpe kurasa yake peke yake.

Lakini kuna mtego mkubwa kuliko huo, ule ambao mwanatakwimu Edward Simpson aliueleza mwaka 1951 na ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Nitautolea mfano wa maghala mawili yanayopeleka mizigo kwa wateja. Ghala la kwanza lilifikisha mizigo 816 kwa wakati kati ya 1,000. Ghala la pili lilifikisha 898 kati ya 1,000. Meneja yuko tayari kumwandikia barua ya onyo mkuu wa ghala la kwanza. Subiri. Tenganisha safari za karibu na za mbali. Safari za karibu: ghala la kwanza lilifikisha 96 kati ya 100, la pili 828 kati ya 900, yaani asilimia 96 dhidi ya 92. Safari za mbali: la kwanza 720 kati ya 900, la pili 70 kati ya 100, yaani asilimia 80 dhidi ya 70. Ghala la kwanza ni bora katika safari za karibu, na ni bora katika safari za mbali, ila limebebeshwa karibu safari zote ngumu. Namba moja ya jumla ingemwadhibu mtu anayefanya kazi vizuri kuliko mwenzake. Nimewataka mzisikie hesabu hizi moja moja kwa sababu hakuna kosa la uandishi humo. Kila namba ni ya kweli, na uamuzi ungekuwa dhuluma.

Jambo jingine ni kupanda na kushuka. Mauzo ya wiki hii yameshuka kwa asilimia 4, kikao kinaitwa, watu wanatoa maelezo. Wiki ijayo yamepanda kwa asilimia 5, watu wanapongezana. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric huko Marekani, aliandika waraka wa ukurasa mmoja wenye mchoro rahisi: mstari wa wastani, na mipaka miwili juu na chini yake, inayokokotolewa kutokana na jinsi namba zenyewe zilivyozoea kupanda na kushuka. Namba ikiwa ndani ya mipaka bila mwelekeo wowote, huo ni mtikisiko wa kawaida wa mfumo, na kumtafuta wa kumlaumu ni kupoteza siku. Ikivuka mipaka, kuna sababu maalumu, itafuteni upesi kabla nyayo hazijafutika. Karne moja imepita, na mchoro huo unaweza kuchorwa kwa penseli. Sijaona chombo kingine kinachookoa muda wa vikao kwa kiasi hicho.

Na wenye biashara ndogo msiseme hamna data za kutosha. William Gosset alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, na tatizo lake lilikuwa kwamba majaribio yake ya malighafi yalimpa vipimo vichache tu. Mwaka 1908, kwa jina la kificho la Student, alichapisha njia ya kujua vipimo vichache vinaweza kuaminiwa kwa kiasi gani. Njia hiyo inafundishwa vyuoni duniani kote hadi sasa. Uchache unavumilika mradi unajua ni kiasi gani cha shaka kimebaki.

Kinachoumiza kuliko uchache ni kutojua nani hayumo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni takriban milioni 10 kuuliza watu watamchagua nani kuwa rais. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Jarida likatabiri ushindi wa Alf Landon. Franklin Roosevelt akashinda majimbo yote isipokuwa mawili. Anwani zilichukuliwa kwenye orodha kama za wenye simu na wenye magari, na waliojibu walitofautiana na walionyamaza. Leo biashara inatuma dodoso la kuridhika kwa wateja wake, inapata majibu mazuri, inafurahi. Aliyeondoka mwaka jana kwa hasira hayumo kwenye orodha. Aliyefika mlangoni akaona foleni akageuka hayumo pia. Kila ripoti inayowekwa mezani iandikwe chini yake: hawa hawakuhesabiwa.

Nimebakiza jambo linalonisumbua kuliko yote. Namba inapotumiwa kumlipa au kumfukuza mtu, mtu huyo ataanza kuitengeneza namba. Mwanauchumi Charles Goodhart aliligusa hili mwaka 1975 alipokuwa akizungumzia sera za fedha. Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kuwa wafanyakazi, wakisukumwa na malengo makali ya mauzo, walifungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Makadirio ya kwanza yalikuwa takriban akaunti milioni 2. Mwaka uliofuata benki yenyewe iliyapandisha hadi milioni 3.5. Fikirieni: kwa miaka, ripoti za ndani zilionyesha ukuaji. Jedwali lilikuwa safi na wastani ulikokotolewa sawasawa. Sumu iliingilia kwenye ncha ya mwandishi, nayo ilipelekwa huko na ncha ya uamuzi.

Kwa hiyo naomba viongozi wa biashara mtenganishe mambo mawili. Ziwepo namba za kujifunzia, ambazo mtu akileta mbaya anashukuriwa kwa kuzileta mapema. Zikiwepo namba za malipo, zisiwe moja peke yake, na zikaguliwe na mtu asiyefaidika nazo. Kama ofisini kwenu habari mbaya humletea aliyeileta matatizo, basi mjue mmeshaacha kupokea habari, hata dashibodi, ile skrini ya michoro ya namba za biashara, ing'ae namna gani.

Nikitaja dashibodi, neno moja tu: mchunguzeni kila mchoro ulioko humo kwa kumuuliza anayeutazama ni kitu gani angefanya tofauti kama mstari huo ungeshuka kesho. Akikosa jibu, uondoeni. Michoro mitatu inayofanyiwa kazi inatosha kwa meneja wa tawi.

Na swali hilohilo lirudi kwenye kile mnachokusanya kwa wateja. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ilitoa hadharani kumbukumbu za utafutaji wa mtandaoni za watumiaji wapatao 650,000, ikiwa imeondoa majina na kuweka namba. Baada ya siku chache tu waandishi wa habari walikuwa wamemtambua mmoja wao, kwa kusoma tu mambo aliyokuwa akiyatafuta. Kuondoa jina hakumfichi mtu. Data ya mteja ambayo haingojwi na uamuzi wowote haiwaletei faida, na siku ikivuja itamuumiza yeye aliyewaamini. Msimwombe tarehe ya kuzaliwa kama hamna la kufanya nayo. Ambayo mmeshaikusanya na haina kazi, wekeni siku ya kuifuta, na jina la mtu atakayeifuta.

Nimeambiwa tuna muda wa maswali. Ningeomba tuanze na makarani na watu wa stoo mlioko huko nyuma, mtueleze ni sehemu gani za fomu zenu huwa mnazijaza bila kujua zinakwenda wapi. Mameneja waliokaa mbele watusaidie kuziandika. Asanteni sana.